Maneno Yaliyoishia kwa Eladio Fretes

Katika kiwanda cha wanga cha Colonia Santa Librada, Eladio Fretes alipata cheo kwa sababu ya lugha. Wanawake wa mkandani, waliosafisha mihogo, walizungumza Kiguarani, na Kihispania wakakidonoa pale tu kilipohitajika. Bosi, Ademar Zanella, alikuwa Mbrazili aliyevuka mpaka na mashine zake juu ya malori mawili. Alijua Kireno tu, na kwa miaka kumi na moja aliyokaa Paraguai hakuongeza zaidi ya salamu na majina ya vyakula. Eladio alizijua lugha zote tatu. Asubuhi alipanda ngazi za chuma hadi ofisini, akasikiliza Kireno, akashuka akasema Kiguarani. Jioni alisikiliza Kiguarani, akapanda akasema Kireno. Kwa kazi hiyo akavishwa kofia nyeupe ya msimamizi, wenzake wakabaki na za buluu.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo watu wa makazi yale walikubaliana nalo hata baada ya yaliyotokea. Alikuwa mpole, mwenye mwendo wa taratibu, hajawahi kumpigia kelele mfanyakazi. "Huyu angekuwa padri," Ña Ceferina Duarte, yaani Bi Ceferina, alizoea kumtania mbele za watu, "ila anapenda mno nyama za mbavu."

Ceferina ndiye aliyekuwa mkubwa wa mkandani, ingawa hakuna aliyempa ukubwa huo. Mihogo ilipomwagwa kutoka kwenye malori ilioshwa kwenye pipa kubwa linalozunguka, kisha ikapita juu ya mkanda mbele ya wanawake kumi na wawili. Wao walikata vikonyo na kutoa mawe kabla mihogo haijafika kwenye visu vya kusagia. Ceferina alisimama mwisho kabisa, karibu na visu, mahali ambapo wengine hawakupataka. Alikuwa na miaka arobaini na minane na mdomo usio na breki. Ndiye aliyemsimamia mwana wa kwanza wa Eladio ubatizo, na tangu siku hiyo wao wawili waliitana komadre na kompadre, kama desturi ilivyo.

Eladio alikipata Kireno utotoni. Alikuwa na miaka tisa wazazi wake walipovuka mto kwenda kuchuma kahawa kwenye shamba la Wabrazili. Watoto hushika lugha upesi, na mwezi wa tatu haujaisha akawa mkalimani wa baba yake. Siku moja baba yake, Don Anastasio, alimshika mkono wakaenda mpaka barazani kwa mwenye shamba. "Mwambie maji ya kisima chake yananuka dawa ya kupulizia. Mwambie hata mbwa wake hawayanywi." Eladio akayasema vilevile, na mbwa wakiwemo. Mwenye shamba akaingia ndani. Kabla ya saa sita mchana vitu vyao vilikuwa vimetupwa kando ya barabara, na mvua ikaanza. Mama yake akalilalia godoro ili lisilowe, akakaa hivyo, kifudifudi, mpaka lori la kuwarudisha mtoni likaja.

Baba hakumkemea. Alimwambia tu, "Umesema sawasawa, mwanangu." Lakini aliyebaki machoni mwa Eladio alikuwa mama yake juu ya lile godoro. Tangu siku hiyo kila neno kali lililopitia kinywani mwake alilipunguza. Hakuona kwamba anadanganya. Kwake hiyo ilikuwa adabu.

Na kiwandani adabu hiyo ilionekana kufanya kazi. Ademar alikuwa mwepesi wa kuwiva uso kwa hasira. Kulikuwa na fundi mmoja, Wilfrido, aliyepanda ofisini peke yake na Kireno chake cha kuungaunga akamwambia bosi kwamba tanuri la kukaushia limefungwa vibaya. Wiki iliyofuata akapelekwa kwenye mabwawa ya maji machafu, akikomba povu kwa ndoo. Harufu ikamfuata mpaka mezani kwake, na baada ya miezi miwili akaacha kazi. Ademar mwenyewe alilisahau jambo hilo. Kila mkutano alisema, na alimaanisha, "Mwenye neno aje, mimi nipo." Watu walimsikiliza, wakakumbuka mabwawa, wakampa maneno yao Eladio.

Yeye naye aliyapunguza kwenda juu na kushuka chini. Miaka miwili kabla ya ajali iliyotokea mkandani, Ademar alimkalisha ofisini akafunga mlango.

"Waambie ukweli, Eladio. Hali ni mbaya. Benki imenikaba. Nataka wajue, pengine wao wana wazo."

Eladio akashuka. Aliwakuta wanawake wamekaa kwenye jua wakizungusha kibuyu cha yerba mate, chai ya majani ya kwao, wakipanga sherehe ya binti wa Ceferina aliyekuwa anatimiza miaka kumi na mitano Jumamosi ile. Wakamtazama. Akasema, "Bosi anashukuru. Anaomba tukaze kidogo."

"Tukaze nini tena?" Ceferina akauliza. "Mimi nimekazwa mpaka meno."

Wakacheka wote, naye akacheka. Basi ikawa hivyo. Kule juu, bosi alidhani amewaeleza na wao hawajali. Huku chini, wao walidhani bosi ana fedha za kuchezea ila roho yake ndiyo ngumu.

Mkanda ule ulikuwa na kamba nyekundu iliyopita pembeni urefu wake wote. Ukiivuta, kila kitu kinasimama. Mwezi wa tatu wa mwaka wa ajali, unyevu ulipoingia kwenye swichi yake, mkanda ukaanza kusimama wenyewe mara nane, mara kumi kwa siku. Mtu mmoja, hakujulikana nani, akaifunga swichi kwa waya ili kazi iende. Kazi ikaenda. Kamba ikabaki pale, nyekundu, haina kazi yoyote.

Ceferina alimwambia Eladio mwezi wa nne. Akamwambia tena mwezi wa tano, wakati mkanda ulipoongezwa kasi kwa sababu malori yalikuwa yanapanga foleni hadi barabarani. Mara zote mbili Eladio alisema amelipokea, na mara zote mbili alipofika juu alimkuta Ademar na simu sikioni, uso mwekundu, akashuka na neno lake.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita. Ceferina alimzuia mlangoni na kisu cha vikonyo bado kiko mkononi.

"Kompadre, leo sikuombi. Leo nakutuma. Mwambie yule bwana kamba isipotengenezwa wiki hii, Ijumaa tunakunja mikono. Wote kumi na wawili. Na umwambie hivyohivyo, usiende kunipakia sukari."

"Nimekusikia, komadre."

"Kusikia unasikia sana wewe. Sema."

Akapanda. Ademar hakuwa kwenye simu. Alikaa mbele ya dirisha akitazama foleni ya malori, barua ya benki mapajani.

"Ehe, Eladio. Kuna nini huko?"

Eladio aliliandaa neno lote ngazini, tena kwa Kireno safi. Lakini alipouona uso wa bosi, na ile barua, akalipunguza.

"Wanawake wanaomba, Seu Ademar, kama itawezekana, siku moja ile kamba ya mkanda itazamwe."

"Ni haraka?"

"Si haraka sana."

Ademar akaitikia kwa kichwa akarudi kwenye dirisha lake. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

Chini walikuwa wanamngoja. Ceferina alimtazama usoni. "Anasemaje?"

"Fundi anakuja Jumatano."

Hapakuwa na Jumatano yoyote. Ilimtoka tu. Lakini alikusudia kuifanya iwepo, na hapo ndipo alipojifariji. Jioni ile alimpigia fundi umeme wa mjini. Fundi akasema kifaa kipo, ila duka halitoi kitu bila sahihi ya mwenye kiwanda, maana bado kuna ankara za nyuma. Eladio akasema ataileta sahihi kesho. Kesho yake Ademar alikwenda Brazili kuonana na watu wa benki. Jumatano wakati wa chakula, wanawake walipotoka, Eladio alipiga magoti chini ya mkanda na bisibisi yake mwenyewe. Akaufungua ule waya, akajaribu kamba. Swichi ilikuwa imeoza ndani, na mkanda haukukubali kuwaka kabisa. Saa ilikuwa inakwenda, na malori yalikuwa yanapiga honi. Akaufunga waya tena kama alivyoukuta.

"Fundi yuko wapi?" Ceferina aliuliza walipokuwa wakivaa glavu.

"Amechelewa. Kesho."

Alhamisi kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Ndani ya ovaroli Ceferina alikuwa amevaa sweta ya mwanawe. Mikono ya sweta ilikuwa mirefu mno, akaikunja mara mbili. Kiasi cha saa nne, kipande cha muhogo kilikwama mwishoni pale mkanda unapojipinda kwenye rola. Alishawahi kuchomoa vipande kama hicho mara zisizo na idadi. Akainama, akanyoosha mkono wa kulia, mkunjo wa sweta ukafunguka, rola ikaushika.

Hakupiga kelele mara moja. Alisema, kama mtu anayemwita jirani, "Vuteni."

Wanawake watatu wakaivuta kamba kwa pamoja. Ikawafuata mikononi, legelege, na mkanda ukaendelea kwenda. Noelia, mpwa wake, akatupa kisu akakimbilia swichi kuu upande wa pili wa jengo. Sakafu ilikuwa na utelezi wa wanga. Akaanguka, akainuka, akafika. Eladio alikuwa nje kwenye mizani. Alichosikia kwanza ni mashine zote kunyamaza, na katika ukimya ule ndipo akaisikia sauti ya komadre wake.

Walimpeleka kwa gari la Ademar, aliyekuwa amerudi asubuhi ileile kutoka Brazili, Eladio akiwa kiti cha nyuma, kichwa cha Ceferina kwenye paja lake. Njia nzima Eladio alijaribu kusema kitu. Hospitalini wakaukata mkono chini kidogo ya kiwiko.

Jumamosi Ademar alishuka ngazi mwenyewe, kofia mkononi. Watu wote walikuwa uani, hakuna aliyekaa. Macho ya bosi yalikuwa yamevimba. Akasema kwa Kireno, "Miaka kumi na moja nawaambia mwenye neno aje. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia kamba imekufa?" Kisha, kama alivyozoea, akamgeukia Eladio.

Eladio akawageukia watu. "Bosi anasema amehuzunika sana. Anamwombea Ña Ceferina apone upesi."

"Don Eladio, hakusema hivyo."

Alikuwa Noelia. Msichana wa miaka ishirini na miwili, bado ana bandeji gotini. Alikuwa ameuza viatu miaka mitatu upande wa Brazili, na tangu aajiriwe kiwandani hakuna aliyemuuliza kama anajua Kireno, kwa kuwa ni mtu wa mkandani tu. "Ameuliza kwa nini hakuna aliyemwambia."

Noelia akamgeukia bosi, na Kireno chake kilikuwa cha sokoni, cha haraka. "Tulisema mara tatu. Mara ya mwisho Jumatatu. Tulisema isipotengenezwa tunaacha kazi Ijumaa."

Ademar alimtazama Eladio, si kwa hasira, bali kama mtu aliyepotea njia kwenye shamba lake mwenyewe. "Jumatatu ulinijibu si haraka."

Noelia akalitafsiri hilo pia, bila kuongeza wala kupunguza. Mama mmoja mzee, Ña Brígida, akauliza polepole, "Na ile Jumatano ya fundi?"

Noelia akamuuliza bosi. Bosi akasema, "Jumatano gani?"

Hakukuwa na haja ya tafsiri.

Eladio alitaka kuwaeleza. Alitaka kuwaambia juu ya mama yake na lile godoro, juu ya Wilfrido, juu ya ile barua mapajani. Alisimama pale na kofia yake nyeupe. Watu wakaanza kuondoka mmojammoja wakimpita kando.

Fundi alikuja alasiri ileile. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kama kibiriti. Alimaliza kwa nusu saa.

Hawakumfukuza Eladio. Walimhamishia kwenye mizani ya malori, na Noelia akawa ndiye anayepanda na kushuka. Kila Jumamosi Ademar alishuka wakazungumza uani, na yaliyosemwa yalisemwa kama yalivyo. Kulikuwa na ugomvi. Siku moja Ademar aliwiva mpaka masikio akaondoka katikati ya mkutano, kisha baada ya robo saa akarudi, akakaa. Ndipo wakasikia kwa mara ya kwanza kwamba ameuza nyumba yake ya Brazili ili kiwanda kiendelee, na kwamba benki ina karatasi za mashine zote.

"Sasa si tungeambiwa," Ña Brígida akasema. "Zamu ya pili inachoma kuni nyingi kama ya kwanza, na magunia yanayotoka hayafiki hata nusu. Sisi tunaona kila siku. Unganisheni zamu, tugawane siku."

Noelia akatafsiri. Ademar akauliza, "Mbona hamkuniambia miaka miwili iliyopita?"

Eladio, kule mizanini, alikuwa karibu vya kutosha kusikia, tena alisikia mara mbili, kwa Kireno na kwa Kiguarani.

Waliunganisha zamu. Mwezi wa nane kuni zilipungua kweli, na kufikia wa tisa watu walianza kutembea na matumaini. Lakini benki ilikuwa imeshaamua tangu zamani, na mwezi wa kumi na moja ikaja kuchukua mashine. Ademar alimpa kila mtu mkono. Alipofika kwa Eladio aliushika mkono wake kwa muda mfupi kuliko wa wengine, au pengine Eladio aliona hivyo tu.

Kwa Ceferina, Eladio alikuwa amekwenda mara ya kwanza wiki ya tatu baada ya ajali. Ceferina alikuwa ameketi jikoni, mkono uliofungwa juu ya mto. Binti yake akamwekea Eladio kiti akatoka nje.

"Komadre," akaanza, akaishia hapo.

"Sikukasirikii kwa ajili ya mkono," Ceferina akasema. Hakuwa na utani wake wa kawaida. "Mkono umechukuliwa na mashine. Bosi angekataa kutengeneza, ningekataa kusimama pale, basi, yamekwisha. Ninachokukasirikia ni ile Jumatano. Ulinitazama machoni ukanipa siku. Mimi nikarudi mkandani kwa sababu ya siku hiyo."

"Nilidhani nitampata fundi."

"Najua ulidhani."

"Niliogopa atawafukuza wote."

"Na hilo si ungeniambia? Ungeniambia, Ceferina, naogopa. Ningepanda mwenyewe, hata kwa ishara za mikono. Wakati ule nilikuwa nayo miwili."

Eladio alikaa mpaka chai aliyowekewa ikapoa. Baada ya hapo alimtembelea kila Jumapili. Ceferina hakumfukuza, wala hakumkaribisha sana. Walizungumza juu ya kuku, mvua, na mtoto aliyebatizwa, ambaye sasa alikuwa fundi mwashi Buenos Aires. Jambo lenyewe hawakuligusa tena.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata ofisi ya kazi ya mjini ilimtaka Ceferina alete shahidi, ili madai yake ya fidia ya kilema yaangaliwe. Karatasi iliuliza kama mwajiri alijulishwa juu ya hitilafu kabla ya ajali, na nani alimjulisha. Eladio akasema atakwenda yeye. Waliondoka na basi la alfajiri. Mbele ya karani, kijana mwenye mafua aliyekunywa chai ya yerba mate bila kukatisha, Eladio aliandika kwa mkono wake, kwa Kihispania, na herufi zake zilikuwa kubwa kama za mtoto wa shule: kwamba aliambiwa mara tatu, kwamba hakufikisha, kwamba Jumatatu alisema si haraka, kwamba siku ya fundi aliitunga. Akaisoma tena. Hakufuta kitu. Akamsogezea Ceferina, naye akaisoma yote, mdomo wake ukifuata maneno.

Karani akaigonga muhuri akaiweka juu ya faili.

"Basi?" Eladio akauliza. "Sasa inakuwaje?"

"Sasa inangoja. Kampuni imefungwa, mwenyewe yuko ng'ambo. Tumemwandikia, barua zimerudi. Akipatikana, mtaitwa."

"Na asipopatikana?"

Karani akapenga kamasi. "Don Eladio, maelezo yako ni mazuri sana. Yako wazi kabisa. Ila hakuna wa kumpelekea."

Nje palikuwa na upepo wa kusini. Walikaa kwenye benchi la kituo kungoja basi la saa sita. Ceferina alikuwa amejitupia koti mabegani bila kulifunga, na kila upepo ulipovuma lilimfunguka, akalivuta kwa mkono wake wa kushoto. Eladio aliona. Hakujua kama amuulize amsaidie au anyamaze, na wakati akijiuliza, upepo ukavuma tena.

"Saa ngapi?" Ceferina akauliza.

Akamwambia saa. Ilibaki saa moja na robo basi lifike.